Kukamua Mafuta kwenye Mbegu za Matunda Zinazotupwa: Kutoka Ndoo ya Taka hadi Chupa

Anayetengeneza juisi ya pasheni hubaki na ndoo ya mbegu nyeusi zinazoteleza. Anayekausha maembe hubaki na kilima cha kokwa. Kwa kawaida vyote huishia shimoni, na kabla siku mbili hazijaisha nzi wameshajaa. Humo shimoni kuna mafuta ya kutengenezea sabuni, ya kupaka ngozi na nywele, na kwa baadhi ya mbegu hata ya kupikia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kilo chache za mbegu, au gunia moja mawili, asiye na kiwanda. Niseme mapema jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: uzuri wa mafuta haya huamuliwa kabla mbegu hazijafika kwenye mashine. Ukizichelewesha kwenye ndoo, au ukizikausha vibaya, hakuna kukamua wala kuchuja kutakakozirudisha. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye kuosha na kukausha, na kupita haraka kwenye mambo ambayo mashine yenyewe itakufundisha.

Ijue mbegu yako kwanza

Usianze kwa kununua mashine. Anza kwa kujua mbegu uliyo nayo ina mafuta kiasi gani ikishakauka.

Mbegu za boga ndizo tajiri: asilimia 40 hadi 50 ya uzito wake mkavu ni mafuta. Punje ya tikitimaji, ikimenywa ganda, hufika karibu nusu. Papai lina asilimia 25 hadi 30. Pasheni, au karakara, huwa kati ya 20 na 30. Zabibu ni 10 hadi 20. Kiini cha kokwa ya embe kina 7 hadi 15 tu, lakini mafuta yake ni ya aina ya pekee na nitayarudia mbele. Kokwa ya parachichi iache. Watu huiona kubwa wakadhani imejaa mafuta, kumbe mafuta ya parachichi yako kwenye nyama ya tunda. Kokwa ina wanga na maji. Mbegu za fenesi nazo ni wanga, zina faida zaidi zikichemshwa na kuliwa.

Zipo mbegu ambazo nakuomba usiziguse kwa kazi hii ya nyumbani. Mbegu za stafeli na topetope zina sumu. Unga wake ukiingia machoni huumiza vibaya, na si wa kuliwa kabisa. Mbegu za ndani ya kokwa za pichi, aprikoti, plamu na cheri zina amigdalini, ambayo zikisagwa na kupata unyevu hutoa sianidi, sumu kali. Viwanda vina namna ya kuidhibiti, jikoni hakuna. Ukisaga kitu ukasikia harufu ya lozi chungu, simama hapo hapo, funika, ukazike mbali na mifugo.

Sasa piga hesabu kabla ya kutoa jasho. Tuseme una kilo 10 za mbegu mbichi za papai pamoja na vile vifuko vyake vya utelezi. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, kwa hiyo zikikauka utabaki na kilo 2 hadi 2.5. Robo ya hizo ni mafuta, yaani gramu 500 hadi 600 hivi. Mashine ya mkono haitoi yote. Ukipata theluthi mbili umefanya vizuri. Kwa hiyo ndoo nzima ya mbegu mbichi itakupa kama gramu 350 za mafuta. Ukiridhika na hesabu hiyo, tuendelee.

Hatua ya 1: Osha siku hiyo hiyo

Ndani ya mbegu, mafuta na vimeng'enya (vitu vya asili vinavyovunja chakula na mafuta) hukaa vyumba tofauti. Mbegu ikipasuka au ikikaa muda mrefu ikiwa na maji na joto, kuta hizo huvunjika, vimeng'enya huyafikia mafuta na kuanza kuyakatakata kuwa asidi huru. Asidi hizo ndizo zinazoleta ule ukali unaokwaruza koo. Mbegu zangu za mwanzo za papai zilikaa siku tatu kwenye ndoo yenye mfuniko kwa sababu nilikuwa nasubiri zijae. Mafuta yalitoka, tena mengi, lakini yalikuwa ya kahawia na harufu yake haikutoka hata kwenye sabuni. Tangu hapo sisubiri ndoo ijae. Ninaosha kidogo kidogo kila siku na kuanika. Mbegu kavu ndizo zinazoweza kusubiri.

Papai: mimina mbegu kwenye chekecheke la waya, mwagia maji, sugua kwa kiganja ukizikandamiza kwenye waya. Utasikia vifuko vikipasuka pwa-pwa chini ya mkono. Kifuko lazima kipasuke, kwa kuwa kikibaki mbegu hukauka nje na kubaki mbichi ndani. Suuza mpaka maji yatoke meupe na mbegu zionekane na mikunjo yake.

Pasheni ni kaidi zaidi, kwa kuwa ute wake umeshikana na mbegu. Hizi ndizo pekee ninazoruhusu zingoje: ziache kwenye juisi yake usiku mmoja, zisizidi saa 24, ute ulegee. Kisha sugua kwenye chekecheke kwa maji mengi. Ukizichota mkononi zikasikika kama changarawe badala ya kuteleza, zimetoka.

Baada ya kuosha, zimwage kwenye beseni la maji na uzikoroge. Zinazoelea nyingi ni tupu au changa. Ziondoe, hazina mafuta ya kukulipa.

Hatua ya 2: Kausha bila haraka na bila kulala

Tandaza mbegu kwenye wavu ulioinuliwa au turubai safi, unene usiozidi mbegu mbili tatu. Jua la asubuhi ni zuri. Jua kali la mchana lisizipige siku nzima, hasa pasheni, zabibu na tikitimaji, kwa kuwa mafuta yake huharibika upesi kwa joto na mwanga. Kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua lisilo na upepo. Zigeuze kila baada ya saa moja siku ya kwanza, jioni uziingize ndani. Umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya siku nzima.

Ukungu ukiota, mbegu hizo zimekwisha. Usijaribu kuziokoa kwa kuziosha upya, kwa kuwa baadhi ya ukungu huacha sumukuvu ambayo huioni wala huinusi.

Utajuaje zimekauka? Unatafuta unyevu wa asilimia 5 hadi 8. Mizani ya jikoni inatosha. Chota mbegu kama gramu 200, ziweke kwenye kitambaa chake zikiwa pamoja na zingine, uzipime kila jioni na kuandika. Uzito ukigoma kushuka jioni mbili mfululizo, hewa imeshatoa ilichoweza kutoa. Kisha ng'ata moja: iliyokauka hukatika *ta!* mara moja, isiyokauka hubonyea kwanza. Kama hewa ni ya unyevunyevu na mbegu hazikatiki, zimalizie kwenye oveni ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, mlango ukiwa wazi kidogo.

Mbegu zilizofika hapo unaweza kuzihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa kwa miezi kadhaa. Zihifadhi nzima. Mbegu iliyosagwa ni kama yai lililopasuliwa: lifanyie kazi leo.

Hatua ya 3: Pepeta, vunja, pasha

Pepeta kwa ungo kuondoa maganda na vumbi, na toa mawe kwa macho yako. Jiwe moja dogo linaweza kuharibu parafujo ya mashine.

Mbegu ngumu kama za pasheni na zabibu hazitoi kitu zikiwa nzima. Zivunje kwanza kwenye kinu au mashine ya kusagia mpaka ziwe kama mchele uliokatika. Usizifanye unga laini kama utatumia mashine ya kukamua, unga huziba matundu na kutoka pamoja na mafuta. Unga laini ni wa njia ya maji ya moto.

Kisha zipashe kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, ukikoroga, mpaka ziwe za moto kiasi ambacho mkono hauvumilii kuzishika, kama nyuzi 60 hadi 70, kwa dakika 10. Mafuta hulainika na hutoka kwa urahisi. Usikaange mpaka zinukie kama karanga, isipokuwa unataka ladha hiyo, kama wengi wafanyavyo na mbegu za boga. Kwa mafuta ya ngozi, moto mwingi ni hasara.

Hatua ya 4: Kamua

Mashine ndogo ya mkono yenye parafujo ndiyo inayofaa wengi. Washa taa yake ya kupashia pipa, yaani bomba ambamo parafujo huzunguka, dakika 10 kabla ya kuanza. Mimina mbegu kidogo, zungusha kwa mwendo mmoja. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu mashudu huanza kuchungulia mdomoni kama kamba ngumu, na kwenye matundu ya pembeni unaona ng'aring'ari, kisha tone, kisha matone yanafuatana. Ukiona hivyo usibadilishe mwendo.

Mashudu yatakuambia kila kitu. Yakitoka laini na ya kunata kama ugali, mbegu bado zina maji, zirudishe zikauke. Yakitoka kama unga mkavu au mpini ukigoma kabisa, zimekauka kupita kiasi. Nyunyizia kijiko kimoja cha maji kwa kila kilo, changanya, funika saa mbili, ujaribu tena. Yakitoka kama vigae vyembamba vinavyokatika ukivikunja, uko sawasawa.

Mwenye jeki ya gari na fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya chuma na silinda yenye matundu. Mbegu zilizovunjwa na kupashwa hufungwa kwenye kitambaa kizito, huwekwa ndani ya silinda, jeki husukuma sahani juu yake. Siri ya jeki ni subira. Ongeza nguvu kidogo, ngoja dakika tano mafuta yatiririke, ongeza tena. Anayesukuma kwa pupa hupasua kitambaa na kupata matope. Fremu iwe imara kweli, na usisimame mbele yake inapokuwa na mzigo.

Utasikia pia habari za heksani, kiyeyushi ambacho viwanda hutumia kutoa mafuta karibu yote. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, hata hewa ikiwa baridi kuliko barafu. Wala usitumie petroli kama mbadala wake. Hakuna kiasi cha mafuta kinachostahili kuunguza nyumba.

Kama huna mashine: maji ya moto

Njia hii ni ya zamani na inatoa pungufu, lakini inafanya kazi. Saga mbegu zilizopashwa ziwe laini kabisa. Chukua kipimo kimoja cha unga na vipimo vinne au vitano vya maji yanayochemka, koroga, tia kijiko cha chumvi kwa kila lita ili mafuta na maji yaachane upesi, na uache ichemke polepole kwa saa moja au mbili. Mafuta yatapanda juu. Epua, acha itulie, engua kwa kijiko kipana. Kinachobaki chini kichemshe mara ya pili, huwa bado kina kitu.

Hapa ndipo mahali pa kokwa za embe. Mashine ya mkono haiziwezi vizuri, kwa sababu kiini kina mafuta machache na wanga mwingi. Kausha kokwa siku mbili tatu ganda lilegee, lipasue ubavuni kwa kisu kizito, toa kiini. Kiini kibichi huanza kuwa cha kahawia mara tu kinapoguswa na hewa, kwa hiyo kitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika tano hadi kumi kuua vimeng'enya, kisha kikatekate, kikaushe, kisage. Wanga hufanya uji mzito, hivyo ongeza maji, hata vipimo vinane, na usiruhusu uungue chini. Usitarajie zaidi ya nusu ya mafuta yaliyomo. Lakini angalia unachopata: mafuta yanayoganda yakipoa, meupe au ya manjano hafifu, yanayoyeyuka karibu na joto la mwili, kwa sababu yamejaa asidi steariki na oleiki, aina mbili za asidi zinazounda mafuta, kama mafuta ya kakao. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2000, huyaruhusu kuwa miongoni mwa mafuta sita ya mimea yanayoweza kuongezwa kwenye chokoleti, jumla isizidi asilimia 5. Kitu kinachokanyagwa njiani kina hadhi hiyo.

Hatua ya 5: Safisha mafuta

Mafuta yaliyotoka kwenye mashine ni machafu kama maji ya mto wakati wa mvua. Yaache kwenye chombo kirefu, chembamba, kilichofunikwa, mahali penye giza, siku tano hadi saba. Mashapo yatakaa chini. Nyonya mafuta ya juu kwa mpira mwembamba bila kutikisa chini, kisha yapitishe kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, au karatasi ya kuchujia kahawa. Usiminye kitambaa, utarudisha uchafu.

Yaliyopatikana kwa maji ya moto lazima yakaushwe. Yapashe kwa moto mdogo kwenye sufuria isiyojaa zaidi ya nusu. Utasikia yakitatarika, hayo ni maji yanayotoka. Yakinyamaza na mapovu yakaisha, zima. Usiondoke jikoni wakati huu. Yakishika moto funika sufuria kwa mfuniko na uzime jiko; usimwage maji kamwe.

Kupima kama yamebaki maji, tia matone machache kwenye kijiko cha chuma na ukipashe juu ya moto. Yakitulia, sawa. Yakiruka na kutatarika, rudia.

Kuhifadhi, na kuyatumia

Tumia chupa za kioo cheusi au cha kahawia, zilizokauka kabisa. Jaza mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Kila chupa iandike mbegu na tarehe. Mafuta ya papai hudumu zaidi, kwa kuwa karibu robo tatu yake ni asidi oleiki. Ya pasheni, zabibu na tikitimaji yana asidi linoleiki nyingi: huingia kwenye ngozi bila kuacha uzito, lakini hushika oksijeni upesi. Tengeneza ya kutosha miezi mitatu hadi sita na uyaweke mahali baridi. Yakianza kunuka kama rangi ya mafuta au penseli za nta, usiyapake mtu.

Kabla ya kupaka mwilini, weka tone kwenye mkono upande wa ndani na ungoje siku moja. Mafuta ya papai yanaweza kuwa na harufu kali ya haradali kutoka kwenye mbegu zenyewe, na baadhi ya ngozi haziipendi.

Kwa chakula, mimi ni mkali. Mbegu za boga na tikitimaji, zikiwa safi, watu wamezila siku zote. Zilizobaki, na chochote cha kuuza, zipelekwe maabara kwanza. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex Alimentarius, kwa mafuta ya mimea yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani vinataka thamani ya asidi (kipimo cha zile asidi huru) isizidi miligramu 4 za potasiamu haidroksaidi kwa gramu, na thamani ya peroksaidi (kipimo cha mafuta yalivyoshika oksijeni) isizidi 15. Mbegu zilizooshwa siku ile ile na kukaushwa vizuri zina nafasi nzuri ya kukaa chini ya namba hizo, zilizochelewa hazina.

Sabuni ya mafuta ya embe ni jaribio zuri la mwanzo. Gramu 200 za mafuta, gramu 25 za kostiki soda, gramu 60 za maji, vyote kwa mizani, si kwa kikombe. Vaa glavu na miwani. Mimina soda kwenye maji, si maji kwenye soda, nje penye hewa, na usitumie chombo cha aluminiamu. Vikifika nyuzi 40 hadi 45 vyote viwili, changanya mpaka uzito wa uji mwepesi, mimina kwenye kasha. Kata kesho yake, acha wiki nne hadi sita kabla ya kutumia. Itakuwa ngumu, yenye povu dogo laini.

Mashudu ya boga na tikitimaji mifugo huyala. Ya pasheni, yaliyosagwa na kuchekechwa, ni ya kusugulia miguu. Ya papai na embe yapeleke kwenye mboji: ya papai kwa sababu ya ukali wake, ya embe kwa sababu ya tanini, ule uchachu unaokausha mdomo. Yatandaze yakauke kabla ya kuyarundika: mashudu yenye mafuta na unyevu yakirundikwa mabichi hupata moto ndani yenyewe.